Hori

Tangu kabla Baba hajaota meno
ng'ombe wetu walikuwa wanakula ndani ya mashua.
Hatukujua. Pale Tengeru ilikuwa hori tu,
ndefu kuliko za majirani, mdomo umechongoka,
na Babu hakueleza zaidi ya hivi:
shamba la kahawa lilipouzwa
kila kibarua alibeba alichoweza,
naye akabeba hiyo, kwa mkokoteni, usiku.

Siku tulipoondoa matanga yake
Baba aliipindua aisafishe,
akakuta chini yake mkuku.
Akaupapasa kwa kidole gumba, kimya,
kama mtu aliyegusa kovu mgongoni mwa mzazi.

Bibi akasema, bila kuacha kuchambua maharage:
"Aliisukuma ziwani kila Jumapili.
Watoto wa bwana shamba ndani, yeye maji kiunoni.
Kupanda? Thubutu."

Nderingo akaleta msasa kutoka mjini, karatasi thelathini.
Mama, mwalimu, akaleta kamusi isiyo na jalada,
maana sisi watu wa migomba
hatukuwa na jina la ubavu wala la kamba.
Akawa anasoma, sisi tunakwangua:
taruma, mataruma. Omo. Tezi.
Jarari, kamba ya kutwekea tanga.
Tukaitikia kama darasa la kwanza,
kope zimejaa vumbi la rangi ya kijani.

Fundi Kaaya alitarajia kuoza kila mahali.
Aligonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole,
kisha, mbele ya watu wazima, akaulamba mmoja.
"Magadi," akasema. "Ndiyo yaliyoitunza."
Chumvi tuliyowawekea ng'ombe
ilizama ndani ya mbao, ulimi baada ya ulimi.
Ubao uliooza ulikuwa mmoja, wa tezi, upande walikokojolea kuku.

Shangazi Anaeli alishona tanga kwa amerikani,
palipopungua akaunga gunia la kahawa,
kwa hiyo upande wa kushoto tuna nusu ya jina la chama cha ushirika,
limesimama kichwa chini.

Ng'ombe mwenyewe, Sabuni, alisusia hori mpya ya saruji siku mbili.
Alisimama pale penye udongo mkavu wenye umbo la mashua
akitutazama kama watu waliouza mtoto.

Jina lilileta ugomvi. Nderingo alitaka Radi ya Meru.
Mama akafungua kamusi, kidole kikashuka:
*hori*, chombo cha kulishia mifugo;
*hori*, mkono wa bahari uingiao nchi kavu;
*hori*, mtumbwi mdogo.
Akaifunga. Mimi nikaenda kutafuta brashi.

Duluti, Jumamosi. Ziwa limekaa ndani ya msitu
kama uji ndani ya kata, na upepo hufika huko kwa kupotea njia.
Bibi alipanda wa kwanza, viatu mkononi,
akashika mlingoti kama mtu anayemshika mgoni.
Tukajipanga. Baba akakunja suruali, isisaidie kitu,
akaingia maji kiunoni, akasukuma.

Tulikwisha elea. Bado anasukuma.
"Panda," Mama akasema.
Akasimama, mikono juu ya ubao, maji yakimzunguka,
muda mrefu kuliko ulivyohitajika.
Kisha akapanda vibaya, tumbo kwanza,
ndoo mbili za ziwa zikaingia pamoja naye
na Bibi akampiga kofi la mgongo, akicheka, akilia, sijui.

Tanga lilining'inia kama shuka kambani.
Tukala ndizi za kuchemsha. Tukachota maji kwa kopo la rangi.
Karibu saa nane pumzi moja ilitoka upande wa mlima,
gunia likavimba, Nderingo akapiga kelele "Joshi! Joshi!"
bila kujua joshi ni upande upi,
na Hori ikatupeleka, moja kwa moja, kwa heshima zote,
ndani ya matete.

Hakuna aliyeharakisha kuitoa.
Jua lilikuwa limekausha mbao, zimeota weupe mwembamba.
Bibi akapitisha kidole, akakiweka mdomoni,
akakaa nacho hapo.